Nilimkana Baba kwa Herufi Moja

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana ile ya kwanza nimeisemea kooni.

Ilianza Jumamosi, saa kumi na dakika ishirini alasiri. Nina hakika na saa kwa sababu saa yenyewe nilikuwa nimeishika. Ni saa ya mfukoni ya Baba, ile ya kazini kwake, yenye mnyororo. Alinipa tulipoingia uwanjani, akasema, "Shika wewe, Raheri. Mimi nikishangiria nitaivunja." Nikawa naitazama saa kuliko mpira. Mpira siupendi. Nilikwenda kwa sababu Baba aliniomba, na Baba haombi mara nyingi.

Mnanijua. Mimi ndiye yule wa benchi la nyuma la kwaya, sauti ya pili, ambaye akiitwa kutoa salamu za vijana anaumwa tumbo. Niko kidato cha pili. Mambo yangu yote huyaandika kwenye daftari, na Mchungaji ameniruhusu nisome humo humo nisiwatazame. Mkisikia karatasi inatetemeka, ni mimi, si upepo.

Naitwa Raheli. Mama yangu ni Msukuma wa Mhunze, ulimi wake hauna "r", basi ananiita Laheli. Baba yangu ni Muha. Alikuja Shinyanga kufuata kazi ya kutengeneza njia ya reli kabla sijazaliwa, na ulimi wake hauna "l", basi ananiita Raheri. Jina langu zima nililisikia kwa mara ya kwanza shuleni. Nyumbani niliitika yote mawili na sikuona tofauti. Tofauti, ndugu zangu, nilikuja kuonyeshwa na watu.

Niseme ubaya wangu kwanza, kabla ya ubaya wa wengine. Baba alikuwa anahudhuria kisomo cha watu wazima, na jioni mimi ndiye niliyemsaidia. Nilimwandikia kwa chaki mlangoni: lala. "Weka ulimi nyuma ya meno, Baba. La." Anaweka. "Ra." "La!" "Ra!" Tunacheka mpaka Mama anatokea na mwiko. "Mwache mume wangu alale anavyojua yeye!" Kilikuwa kicheko cha nyumbani kwetu. Mimi nikakitoa nje.

Siku moja baada ya mazoezi ya kwaya wasichana walikuwa wanasimuliana vituko. Mimi sina vituko. Rafiki pia sina. Nikasema, "Baba yangu akisinzia anasema anakwenda kurara." Wakacheka! Ilikuwa mara ya kwanza watu kucheka kwa ajili yangu na si kwa sababu yangu. Nikasimama nikaigiza na mwendo wake. Mwalimu wetu wa kwaya aliwapita wote kwa kucheka, akajipiga paja. "Ludia, Laheli! Ludia hapo!" Nikarudia.

Mji wetu una timu mbili. Igembe, yaani jembe, ni timu ya wenyeji, watoto wa wakulima wa pamba. Garimoshi ni timu ya reli, na mashabiki wake wengi wametoka Kigoma na kwingineko. Zamani walitaniana tu, mmoja akimwita mwenzake shemeji. Lakini mechi iliyofuata baada ya mimi kuigiza, upande wa Igembe uliimba, "Garimoshi, mmerara? Garimoshi, mmerara?" Aliyewaanzishia alikuwa mwalimu wetu wa kwaya, na mnajua sauti yake ilivyo. Kwenye kuigiza, ile "r" wanaipata, ila wakisema maneno yao wenyewe inawaponyoka. Garimoshi nao, wakianzishiwa na wale wa kwingineko wenye herufi zote mbili, wakajibu, "Nyie semeni reli!" Wenzao wakisema "leli," wanazomewa, "Mmefeli!"

Baba alirudi nyumbani akisimulia huku machozi ya kicheko yanamtoka. Mama hakucheka. "Utani hauui," Baba akamwambia.

Utani hauui. Neno hilo nimelipigia mstari mwekundu daftarini.

Basi Jumamosi ile, saa kumi na dakika ishirini, Garimoshi wakafunga goli. Neti ilikuwa na tundu ubavuni, na Igembe wakasema mpira umepitia kwenye tundu. Refa akaonyesha kati. "Refa ni wa kwao!" mtu akapiga kelele. Refa wa watu ni Msumbwa wa Ushirombo, Kigoma hana hata shangazi! Jiwe la kwanza sikuona limetoka wapi. La pili nililiona, lilitoka upande wetu, likampata kijana wa Igembe juu ya jicho. Sisemi kwamba upande wetu walikuwa malaika. Askari walikuwa wawili. Wakamchukua refa, wakaondoka naye.

Uwanja ule umezungushiwa ua wa miti ya manyara, una geti moja. Vijana wa Igembe wakasimama pale getini na fimbo za kuchungia ng'ombe. Hawakumuuliza mtu kabila lake. Waliuliza neno moja tu.

"Sema lala."

Anayesema lala anapita. Anayesema rara anavutwa pembeni.

Ndugu zangu, nililitambua neno lile kama mtu anavyotambua shuka lake limeanikwa kwenye kamba ya jirani! Nilitaka ardhi ipasuke. Na watu walikuwa wanacheka, hilo ndilo sitalisahau. "Sema lala, shemeji!" "Lala." "Pita, kalale kweli!" Huku wanacheka, na huku pembeni fimbo zinalia kwenye migongo ya watu.

Foleni ikatusukuma mbele. Baba alikuwa amenishika mkono. Nilipoona tumebakiza watu watatu, niliutoa mkono wangu. Sikunyang'anywa. Niliutoa mwenyewe.

Getini alikuwepo mwalimu wa kwaya, fimbo mkononi. "Laheli! Sema."

"Lala," nikasema. Nilisema vizuri kama nasoma imla.

"Pita."

Kijana mwingine asiyetujua akamnyooshea Baba fimbo kifuani. "Na huyu mzee umekuja naye?"

Nilimtazama mwalimu wa kwaya. Anatujua sote. Kwetu amekula wali. Akatazama viatu vyake.

Nikasema, "Simjui."

Saa ya Baba ilikuwa inagonga ndani ya kiganja changu, tiki, tiki, na mimi nasema simjui!

Baba angeweza kunyamaza. Labda wangemwona mzee tu wakamwacha. Lakini aliona yule kijana bado ananikazia macho, akasema haraka, "Ni kweri, hatujuani. Mwacheni mtoto apite."

"Kweri!" wakarukia. "Mmesikia? Kweri! Haya mzee, sema lala."

Nilikuwa nimeshavuka geti. Niligeuka. Nikamwona Baba anaweka ulimi nyuma ya meno kama nilivyomfundisha. Nilimwona! Akavuta pumzi. "La," akasema, safi kabisa. Kisha ulimi ukateleza.

"Lara."

Walicheka kwanza, ndipo wakampiga.

Hakuniita. Wanaopigwa huita watu wao, nilisikia wengine wakiita mama zao. Baba hakuita. Angeita "Raheri" wangejua mimi ni nani, na yeye alilijua hilo. Alilifungia jina langu mdomoni mpaka taya likavunjika. Na mimi nimesimama nje ya ua na saa yake. Sikupiga kelele. Ninyi mnanisifu kwamba ni mtoto mpole. Siku ile upole wangu niliuona ulivyo, nao ni woga, hauna jina lingine.

Nje ya geti pale hukaa Mama Kulwa, jirani yetu hapa Kambarage, anauza michembe, viazi vitamu vya kukausha. Ni Msukuma hasa, ingawa kwa kuwauzia watu wa reli ulimi wake umeizoea "r", na Igembe ikifungwa hali chakula. Lakini ni mama wa mapacha, na Usukumani mama wa mapacha haguswi. Aliacha ungo wake, akapenya katikati ya zile fimbo, akavua khanga yake ya juu akamfunika nayo Baba, akamlalia.

"Mayu, ondoka!" wakamwambia, maana mama kwetu ni mayu.

"Siondoki! Nipigeni mimi, mama wa Kulwa na Doto, muone kama mvua itanyesha tena mashambani kwenu!"

Fimbo zikasimama hewani.

"Ninyi bayanda, ninyi vijana, mnajua sana kuuliza. Na mimi nauliza. Semeni reli!" Akamnyooshea kidole mwalimu wa kwaya. "Wewe msomi wa manoti. Sema Roho Mtakatifu."

"Mayu, bwana..."

"Sema!"

"Loho Mtakatifu."

"Loho!" Mama Kulwa akapiga kofi moja hewani. "Kila Jumapili nakusikia kutoka uani kwangu, Loho, Loho! Mungu amekupiga fimbo ngapi mpaka leo?"

Mtu mmoja akacheka. Lakini kicheko hiki kilikuwa kingine, kilizirudisha zile fimbo chini. Wakaondoka mmoja mmoja, kila mtu anajifanya anakumbuka mahali anapokwenda.

Ndugu zangu, hapa wengi mmeshuhudia kwamba mlitokewa na malaika mweupe. Malaika wetu sisi alinuka jasho na moshi, na kanisani haji. Lakini ni Bwana aliyemtuma! Bila yeye leo nisingekuwa na baba.

Zahanati walimfunga taya kwa bendeji. Magharibi ilipoingia alikuwa amelala nyumbani kwenye mkeka, Mama anamnywesha uji kwa kijiko. Aliponiona akasukuma kijiko pembeni.

"Uripita sarama?"

"Nilipita, Baba."

"Basi."

Nikapiga magoti nikamwambia yote. Nikamwambia na lile la kwaya, kwamba wimbo wa uwanjani ulitoka kinywani mwangu. Nilitaka anipige. Akafumba macho.

"Najua," akasema. "Nani mwingine angejua?"

Alijua tangu siku ya kwanza! Alijua, akacheka hivyo hivyo mpaka machozi, ili mimi nisijione vibaya. Msamaha wake uliniuma kuliko fimbo. Nilitoka uani, nikalia kwa sauti, na ndipo nilipoomba kweli kweli, si yale maombi ya kukariri. Sikumwomba Bwana aniondolee aibu. Nilisema, nirudishie ulimi wangu, nimeuuza.

Sasa niseme na lililo chungu, maana ushuhuda wa sukari tupu si ushuhuda. Ni miezi mitatu. Taya la Baba limeunga upande, mahindi ya kuchoma hatafuni tena, na kisomo ameacha. Humu ndani tunaitana ndugu, na redio kila jioni inatwambia sisi sote ni ndugu. Lakini foleni ile niliiona. Nyuso saba za humu nilizihesabu, watano walisema lala wakapita, na wawili walikuwa na fimbo. Hakuna aliyekuja kwetu hata na yai. Mwalimu wangu wa kwaya, uko hapo mbele. Sijui kama nimekusamehe. Siku nyingine naamka nimekusamehe, ikifika saa kumi alasiri sina tena. Naomba tu. Wewe ulishika fimbo, lakini neno nilikupa mimi.

Namshukuru Bwana aliyenitoa katika woga. Bado naogopa, lakini sikai tena ndani yake kama nyumbani. Na wewe unayenisikiliza, kama kuna mtu wako uliyesema humjui, kwa kabila lake, kwa umaskini wake, kwa ulimi wake, mwamini Bwana leo hii ukamtaje jina mbele ya watu. Sauti ikitoka ndogo usijali, ataikuza Yeye. Yangu mnaisikia ilivyo, na bado imetoka.

Nimalizie na asubuhi yake, ile Jumapili.

Jogoo wa Mama Kulwa aliwika nikiwa macho. Niliziba masikio.

Kengele yetu ya kanisa, mnaijua, ni kipande cha reli kilichoning'inizwa kwenye mti. Baba ndiye aliyekibeba begani kukileta hapa, na kila Jumapili ndiye anayekigonga saa moja kamili, kwa saa ile ile ya mfukoni. Asubuhi ile hakuwepo wa kugonga. Nikavaa, nikachukua nyundo yake chini ya kitanda, nikaja peke yangu.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amewahi kufungua kabati la vitabu. Watu kadhaa walikuwa wameshafika, wanakung'uta vumbi la viatu mlangoni. Akanisogelea, akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeuliza habari za mvua, "Laheli, baba yako yuko wapi leo?"

Ulimi wangu unajua kusema yote mawili. Niliuweka pale anapouweka Baba.

"Baba yangu amerara."

"Amefanya nini?"

Watu wa mlangoni waligeuka. Nikawatazama, mimi nisiyetazama watu.

"Amerara," nikasema. "Ni baba yangu, na amerara."

Nikaitazama saa. Ilikuwa saa moja kamili. Nikainua nyundo nikaigonga reli.