Mwalimu Valerian, Chupa za Kemia na Radhi ya Bertilla

Tumsifu Yesu Kristo. Baba Paroko, wazee wa ukoo, walimu, majirani zetu wa Katandala, Wakristo na Waislamu, poleni na msiba, mimi ni Wilibrodi, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee maisha ya kaka yangu, na naomba mnivumilie, maana kuna mahali pameandikwa kwa agizo lake mwenyewe, nami sina ruhusa ya kuparuka.

Mwalimu Valerian Adolfu alizaliwa tarehe 14 Machi 1968 katika kijiji cha Mwazye, mtoto wa kwanza wa Mzee Adolfu na Mama Cornelia, wakulima wa mahindi na ulezi. Alisoma shule ya msingi pale kijijini kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, sekondari hapa Sumbawanga hadi 1986, kidato cha tano na cha sita Mbeya hadi 1989, na baada ya kumaliza Jeshi la Kujenga Taifa akaenda chuo kikuu Dar es Salaam mwaka 1991 kusomea shahada ya kemia. Huko wenzake wa pwani walimtania bila kuchoka, eti mtu wa Sumbawanga, kwa wachawi wenyewe, kufuata madawa Dar es Salaam ni kujisumbua bure, naye akawajibu kuwa ametumwa kukagua kama na wao wanayo, wakacheka, wakawa marafiki, akahitimu Novemba 1994.

Sasa ndugu zangu, baba yetu alikuwa amesikia kemia, maabara, chuo kikuu, akajumlisha mwenyewe kuwa mwanawe amekuwa daktari. Kwa hiyo kaka aliporudi alikuta ng'ombe amechinjwa, pombe ya ulezi imeiva, na uani wamekaa wagonjwa kutoka vijiji vitatu, wazee wenye miguu iliyovimba, akina mama wenye watoto wa homa, wote wanamsubiri daktari wa Mzee Adolfu. Ikambidi asimame mbele yao, na suti yake ya mahafali, aeleze kwamba yeye hatibu watu, yeye anapima maji, udongo, chumvi na sabuni, na akiwagusa atawaumiza. Lo! Wagonjwa wakaondoka wakinung'unika, wanywaji wakabaki kwa sababu ya pombe, na baba akabeba kigoda chake akaenda kukaa kwenye zizi, akasema bora angemsomesha uuguzi. Ajira serikalini zilikuwa zimefungwa, kaka akalima mahindi nyumbani hadi mwaka 1997, na kijiji kizima kikimwita Daktari wa Chupa. Aliitikia akitabasamu, lakini iliingia ndani na haikutoka.

Mwaka 1997 alipata kazi katika maabara ya kiwanda cha sabuni Mbeya, tarehe 27 Novemba 1999 akafunga ndoa takatifu na shemeji yetu Lydia, na mwaka 2000 akaajiriwa kufundisha kemia sekondari hapa mjini, kazi aliyoifanya hadi ugonjwa ulipomzuia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Bertilla, aliyezaliwa tarehe 9 Mei 2001, na Nestory, aliyezaliwa mwaka 2006.

Wengi mliokaa hapa mmewahi kumleta mtoto barazani kwake baada ya matokeo ya kidato cha sita, mkitaka ushauri kama aombe kemia chuo kikuu, na mnakumbuka hakuwa mtu wa hotuba, alimpa kijana beseni, sabuni na chupa za maabara, akamwambia aoshe, kisha akaingia ndani kunywa chai. Aliyelipua kazi, au aliyeuliza somo litaanza saa ngapi, alishauriwa kwa upole atafute shahada nyingine, kwa sababu nusu ya kemia, alisema, ni kuosha na kusubiri, na chupa chafu inasema uongo. Aliyevumilia aliambiwa mengine, kwamba asiiandike kemia kama makombo ya udaktari, aiandike kwa kuipenda, asikimbie hisabati maana itamfuata hukohuko, aulize wanaosoma chuo anachokitaka kama wanashika vifaa wenyewe au wanamtazama mwalimu akishika, aulize pia waliohitimu walikaa muda gani bila kazi, na kabla ya yote awaeleze wazazi wake kemia ni nini, wasije wakachinja ng'ombe kwa shughuli isiyo yake. Vijana hao leo wako kwenye maji, kwenye migodi, kwenye viwanda, mmoja yuko Kabwe anapima maji ya ziwa, na jana wamepiga simu wakilia.

Aliyeosha vizuri kuliko wote alikuwa Bertilla. Alikuwa anaosha bila kuambiwa, anasuuza, anasuuza tena, anainua chupa kwenye mwanga, na mwaka 2021 akapata alama A ya kemia. Tarehe 18 Julai mwaka huo ukoo ulikaa kikao, shangazi yetu Mariana akauliza mtoto anasomea nini, mtoto akasema kemia, na kaka yangu, yeye aliyewaruhusu watoto wa watu wote, akasimama na kusema kwamba mtoto wake atakayesomea kemia asihesabu radhi yake. Bertilla akaenda kusomea uhasibu, na sasa yuko dukani kwa jirani yetu Mzee Yunusu, anauza saruji na misumari.

Kaka alijuta, tena alijuta vibaya, aliniambia kuwa siku ile hakumwona binti yake, aliona wagonjwa wale uani. Lakini katika ukoo wetu radhi iliyozuiwa mbele ya kikao hurudishwa mbele ya kikao, hairudishwi chumbani, na yeye akawa anaahirisha mwaka hadi mwaka, akingoja mavuno, akingoja likizo. Moyo ulianza kutanuka mwaka jana, Agosti hii akalazwa, akaomba tuite kikao Jumapili tarehe 24, na Ijumaa tarehe 22 saa kumi alfajiri Mungu akamchukua. Siku mbili tu, jamani.

Alituachia maneno, Lydia, Mzee Yunusu na mimi, nasi tunayasema leo mbele ya wazee walewale. Bertilla, mwanangu, baba yako ameirudisha radhi yake, yote, na maombi ya vyuo bado yanapokelewa, usimuahirishe kama alivyokuahirisha.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, walimu wenzake, jumuiya ndogo ndogo, majirani wote, na Mzee Yunusu aliyetoa gari lake na kukesha nasi, Mungu awalipe. Mwisho niseme hili ambalo halikuandikwa. Asubuhi akina mama walienda nyuma ya nyumba kutafuta mabeseni ya kupikia, wakakuta beseni moja lina kazi, na Bertilla ameinama, hajalala, anasuuza.

Pumzika kwa amani, kaka, chupa zako ni safi.