Ghislaine Duboc Anapanda Kutoka Ufuoni

Leo, tarehe 30 Septemba, baada ya miaka thelathini na moja ya utumishi, Bi Ghislaine Duboc, mlinzi wa ufuo wa mji wetu, anastaafu. Amechoka, na ameniagiza mimi wa ofisi ya utalii niandike hivyohivyo.

Kazi yake ilianzia vitabuni. Zamani mwandishi mmoja, katika riwaya yake, alilipatia mpangaji wa kubuni jiwe letu refu jeupe, lile lililosimama baharini: mwizi muungwana, mwenye adabu kuliko wengi wetu, aliyeficha hazina ndani yake. Tangu hapo wageni hawaishi kushuka kutafuta mlango, na maji yakijaa huwafungia chini ya miamba.

Swali lao ni lilelile: jiwe lina uwazi ndani? Mwanzoni Bi Ghislaine alijibu kama Mnormandi yeyote, yaani mwenyeji wa pwani yetu hii: "Huenda ndiyo, huenda siyo." Sisi kwa sisi tunajua hiyo ni hapana ya mtu asiyetaka ugomvi. Baba mmoja kutoka mji wa Lille aliisikia kuwa ndiyo. Akamshika binti yake mkono, wakapita tundu lililotoboka mwambani kuelekea kwenye jiwe huku maji yakijaa. Bi Ghislaine aliwafuata, akamtoa mtoto kwa kumbeba mgongoni, akarudi kumkokota baba. Goti lake la kushoto, aliloliumiza siku hiyo, halijapona mpaka leo.

Kuanzia siku hiyo alijibu, "Hapana. Ni chokaa tupu mpaka katikati. Haya, rudini." Wenye maduka walinuna.

"We Ghislaine, unatuharibia biashara," alilalamika muuza vinyago vya yule mwizi wa kitabuni. "Ukisema huenda, unapungukiwa nini?"

"Sawa, mwenzangu. Mimi nitasema huenda, wewe utaingia majini kuwatoa. Unavaa viatu namba ngapi?"

Hakupendwa sana kwa hilo, tuseme ukweli. Ila hakuna aliyezama.

Tulitamani kuandika hapa jina la atakayempokea kazi. Halipo. Halmashauri imesimamisha kibao cha onyo, na wageni wanapiga picha nacho. Jambo hilo linamnyima Bi Ghislaine usingizi. Juzi aliingia ofisini kwetu, akaketi bila kuvua koti, akauliza, "Sasa nani atawaita?"

Bi Ghislaine, asante kwa sauti uliyoimaliza ukiita watu wasiotaka kusikia, na asante kwa lile goti. Sisi wa ofisi ya utalii, ambao hatujawahi kulowa hata soksi, tumekubaliana kupokezana zamu za kuwaita. Mapumziko yako yawe mema na marefu. Kesho asubuhi maji yatajaa kama kawaida. Wewe lala. Tutashuka sisi.