Dk. Loice Wakesho Mwasaru na Somo la Alhamisi

Wasifu huu umeandikwa, na unasomwa, na mdogo wake, Silvanus. Mchungaji ameomba uwe mfupi na uwe mpole. Ufupi, Silvanus atajaribu.

Daktari Loice Wakesho alizaliwa tarehe 3 Machi 1968 hapa hapa Werugha, kifungua mimba wa marehemu Mzee Gilbert Mwakio na Mama Alice. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe watatu na kabichi kwenye matuta, na kila asubuhi Loice ndiye aliyepeleka maziwa kituoni kabla ya shule. Siku moja karani wa kituo aliyakataa, akisema yametiwa maji. Mtoto mwingine angerudi akilia. Yeye aligoma kuondoka mpaka karani akamfundisha kukisoma kile kipimo cha maziwa, kisha akakiazima, akaja nacho nyumbani, akapima mbele ya baba yake. "Baba," akasema, "karani hajakosea." Mzee hakumsemesha siku mbili. Lakini maji hayakuingia tena kwenye mtungi ule, na miaka mingi baadaye Mzee mwenyewe alikuwa akiwasimulia wageni kisa hicho huku akicheka mpaka machozi.

Alisoma shule ya msingi hapa jirani, akafanya mtihani wa darasa la saba mwaka 1981. Sekondari alisoma bweni, shule ya wasichana huku huku Taita, mpaka kidato cha sita, 1987. Chuo Kikuu cha Nairobi kilimpokea kusomea udaktari. Alihitimu 1995 na kijiji kizima kilikodi lori kwenda kumwona akivaa joho. Mama Alice alitapika njia nzima kutoka Voi, na alipofika akacheza kuliko wote.

Mwaka 1997, baada ya mafunzo ya kazi Mombasa, Loice aliletwa kwenye hospitali moja pale Voi, ambayo familia imeamua kutoitaja. Alipewa wadi ya watoto kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Hakutoka tena.

Tarehe 12 Desemba 1998 alifunga ndoa na Mwalimu Elijah Mwasaru, mwalimu wa jiografia. Mungu aliwajalia watoto wawili, Lewis na Mkamburi. Elijah ni mtu mpole, na upole wake ulimponza, maana mezani alikuwa hali kwa raha. "Elijah, mtoto wa miezi mitatu anapumua mara hamsini na tano kwa dakika. Ni kasi, si kasi?" Mwalimu anashusha kijiko. "Ni kasi." "Kwa nini?" "Kwa sababu kwa umri huo, hamsini na kuendelea ni kasi. Sasa naomba chumvi." Mpaka leo mkimwuliza atawajibu, na hajawahi kusomea hata huduma ya kwanza.

Sasa Silvanus anafika mahali ambapo wengine kwenye familia walimsihi aparuke. Hataparuka, kwa sababu marehemu mwenyewe hakuwahi kupaficha. Mwezi wa Mei 2007 aliletewa mtoto wa miezi kumi na minne kutoka Njukini, amekonda ngozi na mifupa, anaharisha. Loice alifanya alivyofundishwa chuoni. Alimtia dripu, akaifungua iende mbio. Mtoto akaanza kuhema, na kabla ya saa sita mchana alikuwa amekata roho. Miezi mitatu baadaye, kwenye semina Mombasa, mkufunzi alieleza kwamba mtoto aliyekonda namna ile moyo wake hauwezi kubeba maji ya haraka, kwamba hupewa kidogo kidogo, na ikiwezekana kwa mdomo. Loice aliuliza mwongozo huo ulitoka lini. Akaambiwa ni miaka minane iliyopita. Wenzake walitoka kwenda kunywa chai, yeye akabaki kwenye kiti. Aliporudi Voi alikuta kitabu chenyewe kwenye kabati la ofisi, bado kiko kwenye nailoni yake.

Alimwambia Elijah ampeleke Njukini. Walimkuta mama wa yule mtoto, Syombua, akipura maharagwe uani. Loice alimweleza kila kitu akiwa amesimama, kwa maana alikataa kukalishwa.

"Kwa hivyo ulikuwa hujui," Syombua akasema.

"Nilikuwa sijui, mama."

Syombua akapura kidogo, akatua. "Na hao wenzako, wao wanajua?"

Elijah anasema Loice alilia kutoka pale mpaka Mwatate.

Hapo ndipo Somo la Alhamisi lilipozaliwa, Machi 2008, saa moja na nusu asubuhi, katika chumba kilichokuwa stoo ya magodoro. Walialikwa madaktari na matabibu wote wanaotibu watoto kuanzia Voi mpaka Taveta na Chala. Kila wiki Loice alitafuta kilichobadilika kwenye tiba ya watoto, akakileta. Mama Alice alishona mdoli wa matambara, akamjaza mahindi mpaka akafika kilo tatu kamili, na juu ya mdoli huyo watu wazima wenye digrii walijifunza upya kumpulizia hewa mtoto aliyezaliwa bila kulia. Mwaka 2010 Loice mwenyewe aliongeza diploma ya afya ya watoto, ili asiwafundishe kwa kubahatisha. Wapo watoto wanaotembea katika kaunti hii kwa sababu ya chumba kile. Hilo nalo liandikwe.

Kisha zikaja alama. Daktari akihudhuria somo anapata alama, na bila alama za kutosha leseni ya mwaka haitoki. Ni utaratibu mzuri kabisa, jamani. Lakini tangu hapo daftari la mahudhurio likaanza kujaa kuliko viti. Loice alikuwa akilisoma kwa sauti. "Naona vichwa kumi na viwili. Humu mna sahihi ishirini na moja. Hawa tisa wamekaa wapi, kwenye dari?" Watu walicheka, na wiki iliyofuata wakawatilia wenzao sahihi tena. Mnajijua. Wengine mmesimama hapo karibu na hema la kwaya.

Februari mwaka huu ugali ulianza kumkwama. Voi walimpeleka Mombasa, Mombasa wakampeleka Nairobi, na jibu likawa saratani ya koo. Alipata mionzi, akarudi akiwa nusu yake, na Alhamisi yake ya kwanza nyumbani alikwenda kufundisha. Julai sauti iliisha. Alifundisha kwa kuandika ubaoni mpaka mkono nao ukachoka. Kisha akawaita wenzake, akawaandikia ratiba ya kupokezana, na wote wakaitikia, "Usijali, Daktari, pona kwanza."

Alhamisi tarehe 25 Septemba ilikuwa zamu ya somo la mtoto aliyekonda sana na dripu. Alasiri hiyo Nasiha, muuguzi wa wadi ya watoto, alikuja kumjulia hali. Loice alichukua kalamu, akaandika: *Somo limeendaje?*

Nasiha alijaribu kuzungumzia uji. Loice akagonga karatasi.

"Dada yangu, wallahi sitakuongopea," Nasiha akasema. "Mwalimu wa zamu hakuja. Daftari lilipitishwa kule kwenye baraza. Lina sahihi kumi na saba."

*Hakuna aliyekaa?*

"Nilikaa mimi. Mimi na mdoli."

Tangu wakiwa watoto Silvanus alikuwa hajamwona dada yake akikata tamaa. Siku hiyo alimwona. Saratani haikumfanya hivyo. Daftari la sahihi kumi na saba ndilo lililomfanya hivyo. Loice aliwaandikia madaktari kwenye kundi lao la simu, akawasihi, akawataja kwa majina. Ujumbe ulisomwa na wote. Wawili walijibu kwa picha ya mikono inayoomba.

Wiki zake za mwisho hazikuwa tulivu, na familia haitawadanganya. Hakuhofia kufa. Alikuwa akiandika majina ya madaktari na kuyafuta. Jumanne tarehe 14 Oktoba 2025, asubuhi, nyumbani kwake Voi, alimwomba Elijah kalamu, akaandika maneno mawili: *Alhamisi nani?*

Elijah akamshika mkono. "Wamepata mtu, Loice."

Alimtazama mumewe usoni. Elijah hajui kudanganya, hajawahi kujua, uso wake wote unasema. Loice aligeukia ukutani. Alifariki saa nne na dakika ishirini, akiwa na miaka hamsini na saba.

Juzi Jumatano, kwenye kikao cha matayarisho, madaktari walileta hema, viti, basi na shada kubwa la maua. Familia inashukuru kwa dhati. Silvanus alisimama akauliza nani atafundisha Alhamisi ijayo. Daktari mmoja akasema, "Tutaliangalia."

Marehemu ameacha mume, Mwalimu Elijah, mama, Alice, mwenye miaka themanini na minne, ambaye hakutegemea kumzika huyu, watoto Lewis na Mkamburi, ndugu, Silvanus, na wagonjwa ambao hawajafika bado, wengine hawajazaliwa.

Mwalimu Elijah ameomba jambo moja lisomwe hapa, mbele ya kaburi. Neno la mwisho alilomwambia mkewe lilikuwa uongo, na mkewe aliondoka akijua hivyo. Amejaribu kila njia kuligeuza liwe kweli, ameshindwa, kwa sababu yeye ni mwalimu wa jiografia. Anawaomba ninyi mnaoweza.

Loice hakupata kupumzika mikononi mwetu. Mungu ampe yeye amani hiyo, sisi tumeshindwa.