Mshona Vivuli wa Kiwalani: Maisha ya Yustina Leodegar Nampoto

Ndugu waombolezaji, poleni kwa msiba na poleni kwa jua hili la Goba, familia imenituma niwasomee maisha ya dada yetu na mama yetu, Yustina Leodegar Nampoto, ambaye wengi wenu mlimwita Mama Praygod.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 huko Ndanda, wilayani Masasi, akiwa mtoto wa pili wa Mzee Leodegar Nampoto, mchonga vinyago, na Mama Apolonia, na wakubwa zake walisimulia kwamba akiwa na miaka sita alichukua shoka akapasua kinyago kipya cha baba yake ili aone ndani kuna nini, akachapwa, na machozi yalipokauka akauliza, "Kama ndani ni mti tu, huyu mtu aliingilia wapi?"

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Ndanda kuanzia mwaka 1970 hadi 1976, akajifunza cherehani kwa masista, na mwaka 1982 akaja Dar es Salaam, akafikia kwa shangazi yake Temeke, hadi mwaka 1985 alipofungua kibanda chake cha ushonaji Kiwalani, ambako watoto wengi waliovaa sare zake leo ni wazazi, na baadhi yenu mmo miongoni mwao.

Tarehe 12 Julai 1986 alifunga ndoa na Wilbert Mwaitebele, karani, Mungu akawajalia Praygod mwaka 1988 na Sekela mwaka 1992, kisha Wilbert akatutoka mwaka 2009.

Hapa familia imekubaliana tusifiche, kwa kuwa mwenyewe hakuficha. Mwaka 2015 Sekela aliacha chuo cha uhasibu akiwa mwaka wa mwisho ili atengeneze filamu, mama yake akamwambia, "Mie sina mtoto wa maigizo," Sekela akabeba begi lake akahama, na kwa miaka minne hawakusalimiana hata kwa simu.

Mwezi Julai 2019 alikuja kibandani binti aitwaye Hamisa, akaagiza nguo saba nyeusi, ndefu, zisizo na mahali pa kutolea kichwa, na marehemu alipouliza zinavaliwa na nani, akajibiwa, "Na vivuli, mama," jibu ambalo lilimkosesha raha wiki nzima, hata zilipokwisha akamkataza Hamisa kuzifuata, akazifunga kwenye kanga, akasafiri nazo hadi Kimbiji alikoelekezwa, kwenda kumwona huyo mvaaji kwa macho yake.

Alichokikuta ni kamera, watu kumi na wawili, na Sekela.

Hamisa, aliyekuwa msaidizi wa Sekela, ndiye aliyemweleza mama kisa chenyewe, kwamba filamu inaitwa *Mshona Vivuli*, inahusu nyumba ambayo watu wake wamenuniana mpaka vivuli vyao vinatoroka kimoja kimoja, na mama mwenye nyumba anachukua sindano na uzi akavitafute, lakini aliyepangiwa kuwa mama ameugua malaria.

Marehemu akauliza, "Akivipata, anavishonea wapi?"

Sekela akamjibu, na hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza baada ya miaka minne, "Kisiginoni. Simama pale, mama, nikuoneshe."

Alisimama pale siku tisa. Siku ya mwisho, mbele ya kivuli cha binti wa kwenye hadithi, aliacha yaliyoandikwa akasema, "Nilikufukuza kwa sababu niliogopa njia nisiyoijua, nami sikukuuliza inakwenda wapi, mie ninayeuliza kila kitu." Sekela alitakiwa kupaza sauti kusimamisha kamera, akaiacha iendelee.

Mwezi Oktoba 2021 filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo tatu katika tamasha moja la filamu hapa jijini, ikakosa filamu bora, ikakosa upigaji picha bora, ikapata tuzo ya mswada bora, na majaji walipoyasifu maneno yale ya mama mbele ya kivuli, Sekela akasema jukwaani, "Hayo sikuyaandika mimi, yule aliyeyasema amekaa safu ya nne," ukumbi mzima ukageuka, na marehemu akamnong'oneza Praygod, "Kumbe wote hawa wameusikia ugomvi wetu?"

Mwaka 2023 aligundulika kuwa na tatizo la moyo, akahamia hapa Goba kwa Sekela, akahudhuria kliniki bila kukosa, akiwadai madaktari wamchoree moyo wake kwenye karatasi.

Jumatatu tarehe 5 Mei 2025, saa kumi jioni, alikuwa ameketi kando ya Sekela akitazama filamu mpya aliyokuwa akiitengeneza binti yake, mwanamke anatembea barabarani peke yake, akauliza, "Huyu anakwenda wapi?" Sekela akasema, "Sijajua bado, mama." Marehemu akamshika mkono, akasema, "Basi mwache aende, tutaona." Alifariki asubuhi iliyofuata, usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Kiwalani mliokuja kwa magari mawili, majirani wa Goba mliopika tangu juzi, mafundi wenzake, na wasanii wote.

Yustina, dada yetu, umeshona vya kutosha. Pumzika, na amani ya Mungu ikufunike.