Barua Iliyolala Kwenye Droo

Mheshimiwa Afisa wa Elimu ya Chekechea katika kaunti yetu, Mkufunzi Pam Akong'o, uliyetoka upande wa ziwa ukaja kuwalea walimu wetu, Mwenyekiti wa kamati ya shule, Mzee Bosire, mchungaji, walimu wenzangu, nanyi wazazi mliochuma chai alfajiri ili mfike hapa mapema: bwakire buya, habari za asubuhi.

Kwa wasionijua, mimi ni Bathsheba Ochoki, mwalimu mkuu wa chekechea hii ya Manga kwa miaka kumi na tisa, na leo ndiyo siku yangu ya mwisho. Ratiba inasema nizungumzie kustaafu kwangu. Mtanisamehe. Kustaafu hakutaki bidii, mtu hungoja tu miaka ifike. Nataka kumzungumzia Persis Mogire, aliyepata diploma yake mwezi uliopita, na ambaye Jumatatu atakikalia kiti changu.

Persis alikuja hapa kupika uji. Miaka saba iliyopita aliniletea barua ya kuomba kusomea ualimu wa chekechea. Ilihitaji sahihi yangu tu. Niliipokea, nikatabasamu, nikaifungia kwenye droo, ikalala humo wiki tatu. Kwa nini? Nitasema mbele yenu: nilidhani mpishi ni mpishi.

Wakati huohuo tulikuwa na mtoto wa PP1, mwaka wa kwanza wa chekechea, aitwaye Orpah. Mnaikumbuka sheria yangu, kwamba mtoto akivuka geti lugha yetu ya Ekegusii anaiacha barabarani? Muhula mzima Orpah hakutoa neno. Nikaandika kwenye ripoti kwamba hawezi kusema, ahamishiwe shule maalum. Mama yake aliisoma akalia, nami nikamfariji kwa maneno ya kitaalamu.

Persis aliposikia, aliingia ofisini na mwiko mkononi.

"Mwalimu, huyo mtoto anasema sana," akaniambia. "Kila siku ananihesabia vikombe vya uji. Kuja jikoni usikie."

Nilienda, nikasimama nyuma ya mlango. Orpah alikuwa akipanga vikombe, emo, ibere, isato, mpaka akavimaliza vyote, kisha akamgombeza Persis kwa kusahau kikombe cha rafiki yake. Ndugu zangu, nani pale alikuwa hawezi? Mtoto, au mimi mwenye vyeti vitatu ukutani?

Siku hiyo niliirarua ripoti, nikaifuta sheria, nikafungua droo na kutia sahihi.

Tangu hapo, kila Ijumaa walimu wote huketi kwenye viti vya watoto. Mmoja anafundisha, wengine wanatazama, na wa kwanza kutaja makosa yake mwenyewe ni mimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, nasi tuliinama mpaka magoti yakalia. Mzee Bosire alijaribu kiti hicho mara moja, akainuliwa na watu wawili.

Somo lake la kwanza Persis alilifundisha akiwa ametupa mgongo. Hatukumcheka. Tulimwambia, geuka, wanaokungoja wako huku. Akageuka. Kwa miaka akapika uji asubuhi, akasaidia darasani mchana, na likizo akaenda chuoni. Ninamwonea fahari, na sioni haya kulisema.

Mheshimiwa Afisa, umekuwa ukiuliza tunahitaji nini. Vitabu tutavipokea. Lakini kwanza, mpeni kila mwalimu wa chekechea mtu wa kuketi nyuma ya darasa lake bila kumtisha.

Na yule msichana wa Gredi ya Sita aliyewakaribisha leo, akazungumza dakika kumi bila karatasi mpaka mchungaji akatazama saa, ndiye Orpah.

Persis, mwanangu, njoo hapa mbele. Huu ni ufunguo wa ile droo. Jana niliisafisha, haina kitu. Barua ya mtu isilale humo tena.

Nyote mlionisikiliza na kunivumilia, nawashukuru. Mbuya mono.