Hai Saba za Mama Mwenye Nyumba

Kijiwe chetu ni benchi moja barazani kwa Bushiri, fundi cherehani wa hapa Msasani, Tukuyu. Mimi Hafidhi ndiye muuza kahawa, na kwa mvua zetu hizi sijawahi kukosa wateja wala wabishi. Jana alasiri cherehani lilikuwa kimya. Najat, binti wa Bushiri, yuko Japani mwaka wa pili sasa, anasomea kilimo cha chai, na redio ilitangaza tetemeko upande ule ule anaokaa. Simu yake haikupatikana. Bushiri akapiga ya mama mwenye nyumba anakopanga Najat, akauliza, "Mwanangu Najat yu hai?" Yule mama akajibu, "Hai." Akauliza tena na tena, akajibiwa vile vile, mpaka bando likaisha. Ndipo ubishi ulipoanza.

— Alisema hai ngapi? akauliza Profesa, yaani mwalimu Emmanuel, mstaafu asiyekubali kustaafu.

— Saba. Nilizihesabu.

— Basi tulia, Baba Najat. Haba na haba hujaza kibaba. Hai moja ni salamu, hai saba ni uhai kamili.

Muddy wa bodaboda tunamwita Katuni, maana huangalia katuni za Kijapani mpaka simu inazima. Akatikisa kichwa.

— Mzee wangu, kwao hai ni ndiyo. Tena wakati mwingine siyo hata ndiyo, ni "nakusikia, endelea."

Bushiri akanywea. Nilimkasirikia Katuni, ukweli mwingine unaweza kusubiri kikombe cha pili.

— Kwa hiyo alikuwa ananisikia tu?

— Kwa heshima lakini, Katuni akajaribu kufukia shimo. Wale wanainama hata kwenye simu. Kile kimya kati ya hai na hai, mama alikuwa anainama.

— Ainamie simu? akauliza Bushiri.

— Ndiyo. Na viatu wanavua mlangoni, na tambi wanazivuta kwa kelele kumsifu mpishi.

— Viatu hata sisi tunavua, nikasema. Na kahawa yangu mnaivuta kwa kelele, sifa sijaziona.

Profesa akapata njia.

— Ndiyo maana nasema ni ndugu zetu. Mnyakyusa anainama akisalimia, Mjapani anainama. Sisi chai, wao chai. Mlima Rungwe ni wa moto, na wao wanao wa moto. Milima hiyo chini imeungana. Kiswahili kilipita humo, kikatokea Japani kikiwa kimebaki neno moja tu, hai.

— Limepitaje kwenye moto? akauliza Katuni.

— Penye nia pana njia.

Bushiri alitaka kucheka, akashindwa.

— Aliniambia kule zawadi inafungwa kwa kitambaa, akasema. Nikamshonea vitambaa kumi vya kanga awape watu. Sijui hata kama vimemfikia.

Hapo akaingia mteja, Ikupa wa mtaa wa Kawetele, kafuata gauni la mwanawe. Alitusalimu, akasikiliza mkasa wote amesimama, kisha akauliza taratibu:

— Huyo mama anajua Kiswahili?

Katuni akatazama ndani ya kikombe. Profesa akaniomba kahawa nyingine.

— Basi usimuulize kitu, baba, akasema Ikupa. Mtajie jina tu.

Nikampa Bushiri simu yangu, ilikuwa na bando. Akaweka sauti ya nje. Yule mama akapokea.

— Najat, akasema Bushiri. Najat.

— Aa, Najato-san!

Tukasikia kandambili zikikimbia, mlango ukigongwa, jina likiitwa. Kutoka mbali sauti ya msichana ikaitika kwa kuvuta:

— Haaai!

Bushiri akasimama, futi yake ya kupimia ikadondoka kutoka shingoni.

— Hapo ina maana "abee," Katuni akanong'ona.

— Hapo ina maana hai, akasema Bushiri.