Hinda Tenenbaum, Aliyesimulia Asiyoyaona

Kila asubuhi, kabla milango haijafunguliwa, marehemu Hinda Tenenbaum alilowesha kitambaa kwa maji ya siki, akapiga magoti mbele ya makabati ya vioo ya jumba letu la makumbusho ya Maangamizi ya Wayahudi, hapa Balaclava, Melbourne, akafuta alama za pua za watoto. Kabla ya kufuta alizitazama. Kabati lililojaa alama lilikuwa linasema na watoto. Lililobaki safi wiki nzima alilipeleka kwenye kikao: lipangwe upya, watoto wanalipita tu. Chati kubwa ya takwimu, iliyosifiwa na wageni wote waheshimiwa, haikupata pua hata moja. Kiatu kimoja cha kutelezea kwenye barafu, kisicho na mwenzake, kilimpa kazi kila siku.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1947 katika kambi ya wakimbizi ya Feldafing, kusini mwa Ujerumani, karibu miaka miwili baada ya vita kwisha. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mordka na Feiga Blustein, wenyeji wa Radom, Poland. Kabla ya vita kila mmoja wao alikuwa na mwenzi na watoto wengine, na kati ya hao hakusalia hata mmoja. Mordka na Feiga walikutana kambini, wakaoana, wakampata Hinda. Februari 1950 walishuka meli Melbourne, wakapanga vyumba viwili Carlton, nyuma ya duka la fundi viatu.

Nyumbani yaliyopita hayakuzungumzwa. Hinda akiuliza, babake alimsogezea sahani na kusema, "Kula, Hindele." Machache aliyoyajua aliyaokota Jumapili, wazazi walipocheza karata na marafiki, naye yuko chini ya meza na mwanasesere wake. Mmoja akiteleza akataja jina la mtu, mwingine alimwambia, "Cheza karata yako," na mchezo ukaendelea.

Alisoma shule ya msingi na sekondari hapo hapo Carlton. Siku za mwanzo alikaa peke yake wakati wa chakula kwa sababu mkate wake ulikuwa na samaki wa chumvi na vitunguu, na hakuna aliyeistahimili harufu hiyo. Baadaye alisema kuwa huko ndiko alikojifunza kusoma sana. Mwaka 1965 aliingia chuo cha ualimu, akahitimu 1967, akafundisha watoto wa darasa la tano na la sita katika shule za serikali hadi alipostaafu mwishoni mwa 2002.

Tarehe 23 Novemba 1969 alifunga ndoa na Lolek Tenenbaum, mkataji wa nguo katika kiwanda kimoja cha Flinders Lane. Wakati wa uchumba Lolek alimkatia koti bila kumpima, kwa kuwa aliona haya kumwomba asimame. Koti likawa pana mabegani kama la askari. "Litakukaa ukinenepa," alijitetea. Hinda alilivaa miaka mingi na hakunenepa. Walijaliwa watoto wawili, Sharona na Leon. Lolek alimtangulia Septemba 2011.

Mwanzoni mwa 2003 marehemu alikwenda kujitolea kwenye jumba la makumbusho. Waelekezaji wote wakati huo walikuwa wazee walionusurika wenyewe, na mkubwa wao alikuwa Shulim Vaisman, mzaliwa wa Radom kama wazazi wake, mwenye ulimi mkali na fimbo ya mpingo. Hinda alimweleza kuwa angependa kuwasimulia wanafunzi.

"Ulizaliwa vita vimekwisha," Shulim alisema. "Utawasimulia nini, hali ya hewa?"

"Nitawasimulia yaliyowapata wazazi wangu."

"Walikuambia?"

Hinda alitikisa kichwa.

"Basi. Asiyekuwepo na lake halipo, bibie. Chai iko kule."

Akapewa birika na kitambaa cha vioo, na kwa miaka sita akabaki navyo. Aliwaambia watoto wake kwamba jambo hilo lilimuuma, na kwamba lilimuuma zaidi kwa kuwa aliona Shulim ana haki. Hata hivyo kila mwaka waelekezaji walipungua. Aliyewasikiliza wazee wale kwa makini kuliko wote alikuwa yeye, akiwa na birika mkononi.

Agosti 2009 lilikuja darasa kutoka Dandenong, watoto ambao wengi familia zao nazo zilikimbia vita. Asubuhi hiyo Shulim aliamka hana sauti kabisa. Koo lilikuwa limefungwa na mafua. Mwelekezaji mwingine hakuwepo. Watoto walikuwa wamekwisha kukaa sakafuni. Shulim alitazama mlango, akatazama watoto, kisha akamwelekezea Hinda fimbo.

Hinda aliisimulia habari ya Shulim, mwenyewe akiwa ameketi pembeni: jinsi yeye na kaka yake walivyojificha darini kwa mkulima, na jinsi kaka alivyotoka kuteka maji asirudi. Alipofika kwenye kutoka huko alisema theluji ilikuwa imefika magotini. Fimbo ikagonga sakafu.

"Matope," Shulim alinong'ona kwa shida.

Alisema kwamba Shulim alilia usiku kucha. Fimbo ikagonga tena. Kisha msichana mmoja wa mbele, aitwaye Zohra, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, wewe ulikuwepo?"

"Mimi nilizaliwa karibu na huko," Hinda alijibu.

Fimbo ikagonga mpaka watoto wakaruka.

"Hapana," Hinda akasema. "Sikuwepo. Aliyekuwepo ni huyu bwana. Mimi nimemsikiliza tu."

Zohra akamgeukia Shulim. "Anasema kweli, babu?"

Shulim alifikiri, akainua kiganja na kukiyumbisha huku na huku, nusu ndiyo nusu hapana, kama mtu anayepima samaki sokoni. Watoto wakacheka, na maswali yakawa mengi hata basi lao likachelewa.

Walipobaki wawili, Shulim alimwandikia kwa kidole kwenye vumbi la meza, kisha akaona ni kazi bure, akanong'ona. "Umetia chumvi mara mbili, na mara moja umekwepa. Alhamisi njoo nyumbani."

Alikwenda Alhamisi hiyo na nyingine nyingi. Shulim alimhadithia jikoni, naye akairudia habari hiyo hadi ikasimama bila neno la kuongeza. Shulim alipofariki mwaka 2014, wako waliosema habari yake izikwe naye. Hinda aliendelea kuisimulia kila Jumanne, na kila mara alianza kwa kutaja kwamba hakuwepo. Darasa la Dandenong lilirudi mwaka baada ya mwaka. Zohra leo ni mwalimu huko, na yuko hapa mazishini pamoja na wanafunzi wake.

Februari 2024 marehemu aligundulika kuwa na saratani ya kongosho. Aliendelea na Jumanne zake hadi Aprili, mwishowe akiwa ameketi. Alifariki nyumbani Caulfield alfajiri ya Jumapili, tarehe 16 Juni 2024, akiwa na miaka sabini na saba, watoto wake wakiwa kando yake.

Ameacha watoto wawili, Sharona na Leon. Wakwe zake, Gideon na Pnina. Wajukuu wanne, Orli, Natan, Shira na Jonty. Na kitukuu mmoja, Lolek mdogo. Matanga yatakaliwa nyumbani kwa Sharona siku saba. Apumzike palipo na utulivu, na kumtaja kwetu kuwe baraka.

Limebaki moja. Wiki mbili kabla ya kifo chake alimwomba mjukuu wake Orli, anayesoma haya, azichukue zile Jumanne. Orli hupenda kukaa maktaba, na darasani hakuwahi kunyoosha mkono. Alikuwa amekwisha kuisikia habari ya Shulim mara nyingi, na hakuwa na shaka nayo. Alikuwa na swali moja tu kwa bibi yake.

"Buba, na sauti yangu isipofika nyuma?"

"Waambie wasogee."